Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tongoni, Ghuba Yetu na Makaburi ya Wazee

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana mlioko nyumbani, Tanga mjini, Dar es Salaam na kwingineko,

Assalaam alaykum.

Mwaka huu kamati ilikubaliana kwamba nguvu zetu nyingi ziende kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale ya Tongoni, na ufuko ulio mbele yake. Baadhi yenu mliuliza kwa nini chama cha kuzikana na kusaidiana kishughulike na mawe ya kale. Mlikuwa na haki ya kuuliza, na karibu taarifa yangu yote ni jibu la swali hilo. Michango na matumizi mhazini atayasoma baada yangu.

Tunao sasa wanachama waliozaliwa mbali, ambao Tongoni wanaijua kwa kusimuliwa, kwa hiyo naanza na mahali penyewe. Ukitoka Tanga mjini kwa barabara ya Pangani, unakwenda karibu kilomita 20 kusini, kisha unakunja kushoto kuelekea baharini. Ghuba yetu ina maji haba. Wakati wa bamvua maji yakitoka, ufuko unabaki wazi hadi mbali, na akina mama wanashuka na kamba na vigingi vyao kwenye mashamba ya mwani. Huko nje miamba ya matumbawe inayapunguza nguvu mawimbi ya bahari kuu. Ukigeuka upande wa bara siku ambayo mvua imeosha anga, milima ya Usambara unaiona imekaa pale. Kati ya maji na makaburi kuna mikoko, na hiyo mikoko nitairudia.

Wazee hawakujenga hapa kwa kubahatisha. Ghuba imetulia, chombo kinaingia na kupanda mchangani bila kupondwa. Mikoko ilitoa boriti, matumbawe yalitoa mawe, na matumbawe hayohayo yakichomwa yalitoa chokaa. Kufika karne ya 15 palikuwa na mji wa Waislamu wenye msikiti wa mawe, na kuta za msikiti huo ndizo tunazoziona leo zimebomoka. Kuuzunguka kuna makaburi takriban 40, mojawapo ya mikusanyiko mikubwa ya makaburi ya kale ya Waswahili katika pwani nzima ya Afrika Mashariki. Mengi yalijengewa nguzo, na nyingi ya nguzo hizo zimeanguka. Ukiinama kwenye jiwe la nguzo utakuta kishimo cha duara, laini ndani, chenye chokaa kavu pembeni. Hapo palipachikwa bakuli lililovuka bahari kutoka ughaibuni. Bakuli zenyewe zilikwisha kung'olewa zamani. Mwaka 1857 Mwingereza Richard Burton alipita hapa akaona kwenye kaburi kigae chenye maandishi ya Kiajemi. Waliozikwa hapa walikuwa na mkono mrefu katika biashara ya Bahari ya Hindi.

Sasa nije kwa Wareno, maana kila mgeni anayekuja anaanzia hapo. Mapema Aprili 1498, kabla ya kupambazuka, São Rafael, moja ya meli za Vasco da Gama, ilipanda mwamba mbele ya pwani yetu. Kulipokucha watu wa hapa wakaenda na vyombo viwili, wakawapelekea machungwa. Aliyeandika habari za safari ile anasema machungwa hayo yalikuwa mazuri kuliko ya kwao Ureno. Maji yalipojaa meli ikaelea, wakaendelea hadi Mombasa, na milima yetu ya Usambara wakaipa jina la meli yao. Januari 1499 walirudi kutoka Bara Hindi wakiwa wachache, wengi wameuawa na kiseyeye, na hawakuwa na watu wa kutosha kuendesha meli zote. São Rafael wakaitia moto palepale kwenye mwamba. Walikaa siku 15, na watu wa kijiji walichokiandika Tamugata wakawaletea kuku kwa wingi, wakibadilishana kwa mashati na bangili. Tamugata hiyo ndiyo Mtang'ata, jina ambalo eneo letu la bahari linalo hadi leo.

Nasema haya kwa sababu katika masimulizi ya watalii sisi tunatokea kama watu waliokutwa. Wenyeji walikuwa na mji, msikiti, bustani za machungwa na kuku wa kuuza, na waliokwama mwambani wakategemea ukarimu wao ni wageni. Ningependa watoto wetu wafundishwe kwa mpangilio huo: kwanza waliozikwa pale, kisha mgeni wa siku 15.

Tatizo kubwa la magofu hivi sasa ni bahari. Ufuko unaliwa. Wavuvi wa Pangani wanakumbuka kisiwa cha Maziwe kilivyokuwa na miti na kasa wakitaga; miti ikaisha, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 maji yakijaa kisiwa hakionekani. Hapa kwetu kinachozuia ni miamba kule nje na mikoko karibu. Miamba ilipigwa baruti kwa miaka mingi na wavuvi haramu, na tumbawe likivunjika linachukua miaka mingi mno kuota tena. Tangu mpango wa hifadhi ya ukanda wa pwani ya Tanga ulipoanza mwaka 1994, vijiji vya Mtang'ata vilishirikishwa kusimamia bahari yao, na mwaka 2009 eneo letu likaingia katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya Tanga, baada ya samaki huyo wa kale kunaswa mara kadhaa upande wa Kigombe. Haya yamesaidia, ingawa najua yamewabana baadhi ya wavuvi wetu, na kamati imeyapokea malalamiko yao.

Mikoko ni kazi yetu wenyewe. Kila mti wa mchu au mkoko unaokatwa mbele ya magofu unayapa mawimbi njia ya kufika makaburini. Vijana wamepanda miche mwaka huu. Iliyopandwa kwenye tope imeshika. Iliyopandwa mchangani imeng'olewa na kusi, na mama mmoja muuza pweza alikuwa amewaonya mapema. Safari ijayo akina mama wanaoshuka pwani kila siku ndio watakaochagua mahali pa kupanda.

Kuhusu mawe, naomba tuelewane. Magofu yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Hakuna ruhusa ya kuchukua jiwe la msikiti kwa msingi wa nyumba, hata lililoanguka, na hata sisi wenye nia njema haturuhusiwi kuziba nyufa kwa saruji. Saruji inaumiza ukuta wa chokaa: inakataa unyevu usitoke, na ukuta unameguka kwa ndani. Kazi yetu ni kufyeka, kuangalia na kutoa taarifa kwa mhifadhi. Wanaokuja kuzuru na kuomba dua waendelee, ila moto usiwashwe karibu na kuta.

Ujenzi wa lami kati ya Tanga na Pangani, kilomita 50, utatuongezea wageni na wanunuzi wa viwanja. Kamati inapendekeza mkutano huu upitishe azimio la kuuomba uongozi wa mtaa upime na kuweka mipaka ya njia za kushukia pwani, kwa sababu njia ikishajengewa uzio hakuna mama mwenye gunia la mwani kichwani atakayepita.

Mwisho, tunakusanya masimulizi ya wazee. Mwenye babu au bibi anayekumbuka majina ya visima, miamba na vichochoro vya zamani amwone katibu kabla ya masika. Picha za zamani zitanakiliwa na kurudishwa siku hiyohiyo. Namkaribisha mhazini.