Pima joto kwanza, mwanangu

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi hapa wazima, goti langu tu ndilo linalosumbua, nalo si habari mpya.

Umenunua nyoka bila kuniuliza, mimi niliyelisha nyoka Watamu mpaka nikastaafu. Hilo tutaliongea siku yake. Kilichoninyima usingizi ni kwamba katikati ya kueleza jinsi chatu wako, huyo mdogo waitwaye ball python, anavyokataa kula, ulipitisha neno kuwa usiku unazima umeme kupunguza bili. Januari, Leeds, unazima umeme! Kwao huyo ni Ghana, Togo, Benin. Mwili wake haujipashi moto wenyewe. Akipoa hana hamu ya kula, na hata akila, chakula hakisagiki, atakitapika. Upande mmoja wa sanduku uwe nyuzi 31 au 32, wa pili kama 26, achague mwenyewe. Mkeka wa joto uwe na termostati, kile kifaa cha kudhibiti joto, usije ukamuunguza tumbo. Na upime kwa kipimajoto, si kwa kiganja.

Halafu hilo sanduku la kioo pande zote, nani kakwambia anataka kuonekana? Chatu wa aina hiyo hukaa kwenye mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, gizani, amebanwa. Mpe kibanda kidogo kinachomgusa mgongo, umwache wiki nzima. Mbadilishie maji tu. Wenzako wakitaka kumshika, waambie babako amekataza.

Ndipo umjaribu, usiku. Panya wa barafu akishayeyuka kwenye friji, mtie kwenye mfuko, uuzamishe katika maji ya moto mpaka awe na joto la mnyama aliye hai. Chatu ana vishimo kwenye mdomo wa juu vya kuhisi joto. Panya baridi hamtambui. Panya asizidi unene wa kiwiliwili chake. Mshike kwa koleo, mtikise kidogo mbele ya kibanda. Utaona shingo inajikunja, ulimi unatoka taratibu. Hapo usijitingishe hata kidogo. Akikataa, mwachie panya mpaka asubuhi, umtupe, ungoje siku 5 hadi 7. Macho yakiwa na ukungu wa buluu, anataka kujivua gamba, usihangaike naye. Panya hai usimpe, atamng'ata. Kumpanua mdomo kwa nguvu ni kazi ya daktari wa wanyama, nawe umpeleke kwake akipungua sehemu moja ya kumi ya uzito. Mpime kila wiki, na mizani hiyo isiwe ya unga wako.

Nilifurahi uliposema hukumlazimisha. Hapo umefanana nami. Nduguyo Salim angeshamsokomeza panya kwa kijiti. Lakini yote haya ni bure ukizima umeme. Na wewe mwenyewe unalalaje kwenye baridi hiyo? Nimekutumia pesa kidogo, ni za umeme, si za nyoka wa pili.

Mamako nimemwambia umenunua samaki, kwa hiyo ukipiga simu ya video usikae mbele ya sanduku. Ameshaanza kuuliza samaki gani. Makuti ya banda la kuku yanavuja, fundi anataka malipo kabla hajapanda, na karo ya Salim bado nusu.

Nitumie picha ya kipimajoto. Ya alfajiri, si ya jioni.

Babako