Mwanangu, kabla hujailipia hiyo D5600

Mwanangu,

Kabla hujatoa hela ya hiyo kamera ya Nikon D5600, soma maandishi ya lenzi anayokuongezea muuzaji. Kama ni 50mm f/1.8D, mwachie. Bodi ya D5600, yaani kamera yenyewe bila lenzi, haina mota ya fokasi, ile inayosogeza vioo vya lenzi ili picha iwe kali, na lenzi hiyo nayo haina. Utabaki kuzungusha pete kwa mkono huku bibi harusi anapita. Tafuta iliyoandikwa AF-S au AF-P. Nikon D7200 na D7500 zina mota kwenye bodi, hivyo lenzi ya D inafokasi vizuri tu. Canon haina usumbufu huu: lenzi zake za EF, tangu zilipotoka mwaka 1987, zinakuja na mota ndani.

Usichanganye hapo: AF-S ya kwenye lenzi ni mota, AF-S ya kwenye menyu ni namna ya kufokasi: inafokasi mara moja na kutulia, wakati AF-C inaendelea kumfuata anayetembea. Ukumbini kwenye send-off, weka menyu AF-S na pointi moja ya katikati. Taa ndogo ya kusaidia fokasi huwaka kwenye AF-S. Ukiweka AF-C haiwaki, na gizani lenzi itahangaika mbele na nyuma. Usielekeze pointi kwenye suti nyeusi au shela jeupe tupu, kwa sababu kamera inatafuta mahali rangi mbili zinapokutana. Lenga kope, ukosi au mkufu.

Mpira pale uwanja wa Jamhuri ni kinyume chake: AF-C, kasi ya shata 1/1000 ya sekunde, lenzi ya kufika 300mm. Picha ikiharibika, angalia nyasi. Nyasi za nyuma zikiwa kali na mchezaji ana ukungu, fokasi ilimkosa. Kama mwili umetulia ila mguu na mpira vimechora mistari, fokasi haina kosa, ongeza kasi ya shata. Wengi hubadilisha kamera kwa kosa la shata.

Dukani usiridhike na picha ya ukutani. Laza gazeti mezani, simama upande wa chini yake uone mistari ikienda mbali, fungua tundu la lenzi hadi f/1.8, fokasi mstari mmoja wa katikati. Piga ukichungulia kwenye tundu la jicho, kisha piga kupitia skrini, ukuze zote mbili. Picha ya skrini ikiwa kali pale ulipolenga, lakini ya tundu la jicho imeangukia mstari wa mbele au wa nyuma, kuna kasoro ya upimaji. D7500 na Canon 70D zina menyu ya kuirekebisha. D5600 haina, itabidi iende kwa fundi. Hiyo usinunue, hata akishusha bei.

Na upepo wa Dodoma wa kiangazi unaujua. Lenzi ibadilishe ndani ya gari, vioo vimefungwa, mdomo wa bodi ukitazama chini. Vumbi likitua kwenye vihisi vya fokasi chini ya kioo cha ndani ya kamera, kamera huanza kukosea bila mpangilio. Tumia pampu ya mpira kupuliza, si mdomo.

Nitumie namba ya lenzi kabla hujalipa.

Baba yako