Salamu za Desemba 16, Siku ya Maridhiano

Ndugu zangu mlioko Afrika Kusini, pamoja nanyi mliowafahamu wakimbizi wa nchi hiyo walioishi na kusoma Mazimbu, Morogoro, nawatakia heri ya Siku ya Maridhiano, na Krismasi njema kwa wanaojiandaa nayo.

Tarehe hii Makaburu waliadhimisha ushindi wao wa mwaka 1838 dhidi ya Wazulu. Mwaka 1961 Umkhonto we Sizwe, jeshi la chama cha ukombozi cha ANC, wakaichagua kuanza mashambulizi yao. Baada ya uchaguzi wa 1994 ikapewa jina la maridhiano, nami kila ikifika hujiuliza ni nini kiliifanya serikali ya ubaguzi wa rangi, yenye jeshi lisiloshindwa kwa urahisi, ikubali kuzungumza na Nelson Mandela, mtu iliyemfunga kwa miaka 27.

Siamini kwamba ilitubu. Ilipiga hesabu, na hesabu yenyewe ilianza kuharibika mwaka 1985: vitongoji vya Waafrika viligoma kutawalika, hali ya hatari ikatangazwa Julai, na benki ya Chase Manhattan ikakataa kuongeza muda wa mikopo, nyingine zikafuata. Agosti 15, mjini Durban, Rais P. W. Botha, ambaye dunia ilitarajia atangaze mageuzi, alitoa hotuba ya ukaidi. Randi ikaporomoka, na Septemba serikali yake ikasitisha ulipaji wa sehemu kubwa ya madeni ya nje. Hata hivyo, mwaka huohuo waziri wake wa sheria, Kobie Coetsee, alikwenda kumwona Mandela hospitalini. Mazungumzo, basi, yalianza kwa siri huku risasi zikiendelea kulia mitaani, jambo ambalo hotuba za sikukuu hulipita haraka mno.

F. W. de Klerk, aliyemrithi Botha, aliona zaidi ya hapo kwamba kuyumba kwa Moscow, yaani dola ya Kisovieti, kulimwondolea hofu ya ukomunisti na kuipunguzia ANC mfadhili wake mkuu, hivyo akaharakisha kuzungumza akiwa bado na nguvu. Februari 2, 1990 alivihalalisha vyama vilivyopigwa marufuku, na siku tisa baadaye Mandela akawa huru. De Klerk alitumaini Wazungu wangebaki na uwezo wa kuzuia maamuzi ya walio wengi. Hakuupata, ingawa watumishi wa serikali ya zamani walilindiwa ajira zao.

Mnaosafiri kwenda Eastern Cape na Limpopo kuwaona wazazi, safari njema, na mtusalimie wazee.