Risala ya Klabu ya Mdahalo kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Sita

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wahitimu: Assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Tunakushukuru kwa kuja licha ya majukumu yako mengi. Mwaka huu mada iliyotutoa jasho ni hii: je, ulimwengu wa maada unahitaji kisababishi kisicho cha maada?

Waungaji mkono walianza na Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111: kila chenye mwanzo kina mwanzilishi, na ulimwengu una mwanzo. Kutuonyesha mwanzo huo wakaleta televisheni ya chogo, wakaiweka kwenye chaneli tupu. Katika zile chenga, sehemu ndogo ni mnururisho, yaani mawimbi yaliyobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, uliosafiri takriban miaka bilioni 13.8. Wanasayansi Penzias na Wilson waliponasa mvumo wake mwaka 1964, kwanza walishuku kinyesi cha njiwa ndani ya antena yao!

Wapinzani wakauliza: kama wakati nao ulianzia hapo, kulikuwa na "kabla" gani ya kukaa kisababishi? Wakajibiwa kwa mfano wa mwanafalsafa wa Kiislamu, Ibn Sina: mkono na ufunguo huzunguka pamoja, ila mkono ndio unaosababisha. Jibu zuri, ingawa halisemi mkono huo ni wa maada au la.

Aliyetugawa hasa ni Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji na mwanafizikia, aliyependekeza mwaka 1931 kwamba ulimwengu ulitokana na atomu moja ya awali. Papa Pius XII alipoihusisha sayansi hiyo na uumbaji mwaka 1951, Lemaître hakupendezwa. Kwake, nadharia ile ilikuwa nje ya swali la dini. Ikiwa padri mwenyewe hakuigeuza ushahidi, sisi haraka ya nini? Lakini pia hatukubaliani na wanaosema swali la kwa nini kuna kitu chochote ni la kipuuzi, eti kwa sababu maabara haina kipimo chake.

Changamoto zipo. Wengine wanasema tunakufuru, wengine tunahubiri. Kitabu chetu pekee cha falsafa kimeng'olewa kurasa za mwanzo.

Tunaomba darubini moja, vitabu, na msaada wako kuwaalika sheikh, padri na mhadhiri wa fizikia wakae meza moja mbele yetu. Nawe tunakukaribisha siku hiyo. Upande utachagua mwenyewe.

Naomba kuwasilisha.