Kabla ya kuuliza urefu wa ukuta, ulizeni maji yatapita wapi

Mhariri,

Mimi ni fundi mwashi hapa Kiembeni. Kazi yangu kubwa miaka hii ni kuta za ua, na afadhali niseme mapema kwamba nyingi nilizozijenga hazikuwa na kibali. Mwenye nyumba hunipigia simu Alhamisi, mawe yanashushwa Ijumaa jioni, na Jumapili usiku ukuta umesimama. Afisa akipita Jumatatu anatukuta tunapiga lipu.

Nimeshika kalamu kwa sababu kila panapozungumzwa kuta, watu hubishana urefu. Unaruhusiwa kwenda juu kiasi gani? Kwa mtu anayeshika mwiko, hilo ni swali dogo. Mpaka leo hakuna mteja wala mkaguzi aliyewahi kuniuliza maji ya mvua yatapita wapi.

Wazee wetu hawakuhitaji kuuliza. Ua wao ulikuwa wa makuti, au mnyaa uliopandwa ukashikana, na mvua ikinyesha maji yalipenya yakaenda zake baharini. Sasa kila mtu anataka mawe, na juu yake vigae vya chupa au seng'enge. Mwenye nacho anaweka nyaya za umeme. Siwalaumu, wezi wapo na kila mtu alinde chake. Lakini Kiembeni, Mtopanga na Utange zimejengwa juu ya mikondo iliyokuwapo kabla ploti hazijakatwa. Ukiukata mkondo kwa ukuta, umejenga lambo, tena lambo lisilo na mlango.

Nimelijenga moja mwenyewe. Ulikuwa ukuta wa mita 30 hivi, mahali penye mteremko. Chini niliacha matundu, kila baada ya mita mbili tundu moja. Mteja alipokuja kukagua hakuyapenda. "Fundi, ziba hayo, panya wa jirani wataniingilia." Nilijaribu kumweleza, akaniuliza ukuta ni wa nani. Nikayaziba kwa zege. Mwezi wa tano masika yalipochachamaa, maji yalijaa upande wa juu usiku kucha. Maji yenye kina cha mita moja huusukuma kila mita ya ukuta kwa nguvu ya karibu nusu tani. Ukuta wa mita 30 umebebeshwa tani 15, na msingi wangu ulikuwa wa kubeba mawe tu. Ukaangukia jiko la nje la jirani wa chini. Mama wa nyumba ile alikuwa ameshaingia kulala. Kuku wake wote walikufa.

Nani wa kulaumiwa? Mteja alinilaumu mimi, na hakukosea sana, maana nilijua na nikaziba. Jirani alitulaumu sote wawili. Lakini laiti ukuta ule ungeombewa kibali, na mtu akaja na jicho la kutazama mteremko, matundu yasingekuwa jambo la kubishaniwa kati ya mwenye pesa na mwenye mwiko. Mvua za El Niño za Novemba 2023 zilipofurisha mitaa ya Mombasa, tulisikia sana habari za mitaro iliyoziba. Kuta hazikutajwa.

Sheria ipo. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, kifungu cha 57, inakataza mtu kuanza ujenzi bila idhini ya kaunti. Ukipatikana na hatia, faini inafika Sh500,000, au kifungo hadi miezi miwili, au vyote viwili. Hilo la faini kila mtu amelisikia. Kifungu kinachofuata, cha 58, hakisemwi sana: ukikaa siku 60 bila kujibiwa kwa maandishi, idhini inahesabiwa kuwa imetolewa. Wateja wangu wanaokimbilia kujenga usiku huniambia kibali hakina mwisho, utasubiri mpaka saruji igande kwenye mifuko. Hawajui kwamba kina mwisho.

Mipaka nayo ni balaa jingine. Nafika kwenye ploti, bikoni, lile jiwe la mpaka, haionekani, naonyeshwa kwa kidole: mpaka unapita pale kwenye mwembe. Mwembe wenyewe umekatwa, kimebaki kisiki. Ugomvi ukizuka watu hukimbilia wakili, ilhali Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inasema mahakama haitasikiliza kesi ya mpaka wa ardhi iliyosajiliwa hadi msajili wa ardhi awe ameubainisha mpaka huo. Nimeona majirani wakimaliza akiba zao kabla ya kuambiwa hivyo.

Kisha tuko sisi wa nyumba bila ardhi. Wageni wa mji hawaelewi hili mpaka waelezwe mara mbili: nyumba ni yako, umeijenga kwa jasho lako, lakini ardhi ina mwenyewe, nawe unamlipa kodi ya ardhi kila mwezi. Tumejaa Majengo, Kisauni na Likoni. Fomu ya kibali inataka hati ya kiwanja. Hati anayo mwenye ardhi, na yeye hana haja na ua wako. Kwa hiyo hata anayetaka kufuata sheria anakwama mlangoni. Mimi mwenyewe nyumba yangu iko hivyo, na nimezungushia mabati.

Ninaloomba kaunti si kubwa. Ichapishe ukurasa mmoja kwa Kiswahili, ubandikwe kwenye ofisi za wadi na kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, maana huko ndiko tunakopita sisi mafundi. Useme kiwango cha juu cha ukuta, useme ada, utaje na hizo siku 60. Na usikubaliwe mchoro wowote wa ukuta usioonyesha maji yanatoka upande gani na yanaingia kwa nani. Kwenye kona za barabara ukuta urudishwe nyuma kidogo, mwenye tuktuk amwone mwenye bodaboda kabla hawajakutana. Kwa wenye nyumba bila ardhi, barua ya mwenye ardhi au ya mzee wa mtaa itoshe kwa ua mwepesi.

Mimi matundu siyazibi tena. Wiki mbili zilizopita mteja wa Bamburi aliniambia niyazibe, nikakataa, akamwita fundi mwingine. Juzi nimepita pale, ukuta umekwisha, chini umepigwa lipu laini kabisa.

Fundi mwashi,
Kiembeni, Mombasa