Hilux ile haikuwaka yenyewe

Mhariri,

Kile kipande cha Top Gear, kipindi cha magari cha BBC, cha mwaka 2003, Hilux inaachwa ufukweni Uingereza mpaka bahari inaifunika kisha inawaka, ndicho ushahidi wa kila mbishi wa magari hapa Tanga. Ugumu wa gari lile hatuubishii. Fundi alikuwa na vifaa vya kawaida, vipuri hakupewa, na akaliwasha. Ila kazi ya fundi ndiyo iliyokatwa sana, na anayetazama kwenye simu anaondoka na funzo moja: likizama livute, piga stata.

Hapo ndipo injini inapokufa. Chukua 2L, ile dizeli ya lita 2.4 iliyojaa kwenye pikapu za zamani. Inabana hewa mara 22 hivi. Piga hesabu: pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki katika kila silinda ni kama mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula. Hewa inabanika, maji hayabaniki. Yakizidi hapo, pistoni inagota na konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) inapinda. Ubaya ni kwamba konrodi iliyopinda kidogo haizuii injini kuwaka. Inawaka, inatoa moshi, inagonga, mwenyewe anamshukuru Mungu. Siku inapokatika hutoboa bloku.

Pikapu iliyorudishwa kinyumenyume ufukweni Sahare kuvuta boti, au iliyovuka korongo wakati wa masika, ikimeza maji usiguse ufunguo. Toa waya hasi wa betri. Fungua boksi la filta ya hewa. Karatasi ikiwa imelowa, hesabu kwamba maji yameshafika ndani. Toa plagi za joto zote nne, weka spana kwenye boliti ya puli ya kranki, zungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili. Maji yataruka kwenye matundu hayo (kaa pembeni, yanaruka kweli). Ikizunguka bila kugota, rudisha betri upige stata kidogo plagi zikiwa bado nje.

Kabla ya kuwasha, legeza boliti ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) taratibu. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo hutangulia. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, badili pamoja na filta, washa dakika chache, mwaga tena. Tangi na filta ya dizeli nazo zitolewe maji, maana pampu inalainishwa na dizeli hiyohiyo. Kinachosahaulika ni difu (boksi la gia kwenye ekseli). Likiwa la moto likatumbukia majini, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia pumulio na sili. Kama ni maji ya chumvi, suuza chasi, breki na soketi za nyaya kwa maji ya bomba siku hiyohiyo, si kesho.

Kisheria watengeneza vipindi hawana wasiwasi. Mwaka 2008 Top Gear ilionyesha Tesla Roadster, gari la umeme, ikisukumwa na watu kuingizwa bandani, baada ya kutaja kwamba kwenye uwanja wao wa majaribio betri ingeisha baada ya maili 55. Tesla ilishtaki mwaka 2011 ikashindwa, na rufaa ikakataliwa mwaka 2013. Hoja mojawapo ya mahakama ilikuwa kwamba mtazamaji wa kawaida anajua uwanja wa majaribio si barabara. Kwa umbali wa betri, sawa. Lakini kilichokatwa kwenye kuhariri mtazamaji atakijuaje?

Hatutaki vipindi hivyo vipozwe. Vituo vyetu vinavyovirusha, na vijana wetu wanaoviiga, waandike tu chini ya picha: fundi alitumia saa ngapi, alifungua nini, alimwaga oili mara ngapi. Sekunde tano zinatosha, na milipuko ibaki kama ilivyo.

Mafundi magari,
Ngamiani, Tanga