Maharagwe makavu hayatiwi moja kwa moja kwenye chungu cha umeme

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie wasomaji wanaopika kwa chungu cha umeme, kile cha moto mdogo ambacho madukani huitwa slokuka. Siku hizi utakiona kwenye supamaketi na hata soko la Kamukunji hapa Nairobi, kando ya sufuria na majiko. Neno la wauzaji huwa lile lile: tia vitu vyote asubuhi, washa, nenda kazini, jioni urudi ule. Kwa nyama, neno hilo lina ukweli mwingi. Kwa maharagwe ni hatari, na katika mji ambao stima hupotea bila kubisha hodi lina kasoro nyingine kubwa. Kijitabu kinachokuja ndani ya boksi nacho kimeandikiwa majiko ya ng'ambo. Hakijui githeri wala tokeni za stima.

Nianze na maharagwe. Nyayo, wairimu, rosecoco, mwitemania na ndugu zao wote wana sumu ya asili iitwayo fitohemaglutinini, na yale mekundu ndiyo yanayoongoza. Sumu hii huvunjwa na maji yanayochemka kwa nguvu. Uvuguvugu hauiwezi. Chungu cha umeme kikiwa kwenye moto wa chini huchukua saa kadhaa kupanda joto, na katikati ya chakula joto huweza kukaa chini ya nyuzijoto 80 za selisiasi kwa muda mrefu. Maharagwe hulainika, ukiyabonyeza kwa kidole yanapondeka, mtu akaapa kwamba yameiva, kumbe sumu ingali ndani. Tena yakipashwa hadi nyuzi 80 tu huweza kuwa na sumu kali mara tano kuliko yakiwa mabichi. Punje nne au tano zatosha kumwangusha mtu. Kati ya saa moja na saa tatu baada ya kula huanza kichefuchefu kikali, kisha kutapika, halafu kuhara. Wengi hulaumu nyama au maji ya mfereji, na kesho yake wanapika vile vile.

Njia salama ni hii. Loweka maharagwe kwa muda usiopungua saa 5, au usiku kucha. Mwaga maji hayo yote, usiyapikie. Tia maji mapya, weka kwenye gesi au jiko, na yakishaanza kutokota kwa nguvu hesabu dakika 30. Mapishi mengi hutaja dakika 10, lakini mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani yenyewe hushauri 30 ili kuwa na hakika, na sisi wa Nairobi tuna sababu ya ziada ya kutopunguza hata moja. Mji huu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Maji yanayochemka Mombasa kwa nyuzi 100, hapa huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Baada ya dakika hizo 30, mimina maharagwe yangali moto kwenye chungu, ongeza maji ya birika yaliyochemka hadi yapite juu ya maharagwe kwa vidole viwili, kisha uache moto mdogo ufanye kazi yake. Njahi nazo zichemshwe vivyo hivyo. Ndengu na kamande zina kiwango kidogo mno cha sumu hii, kwa hivyo unaweza kuzitia moja kwa moja.

Kwa githeri ya chungu cha lita 3.5, vikombe viwili vya muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, na kikombe kimoja cha maharagwe vyatosha, kwa sababu nafaka hufura zaidi ya maradufu. Vyote viloweke, vichemshe pamoja kama nilivyoeleza, kisha viache kwenye moto wa chini kwa saa 8 au 9. Mahindi makavu yenye ganda siyapendekezi. Yanaweza kupita saa 10 na bado yakagoma, na hapo sufuria ya presha inashinda bila mjadala. Nyanya zisitiwe mapema, maana ukali wake huzuia ganda la maharagwe kulainika. Kaanga kitunguu, nyanya na kitunguu saumu kando, umimine humo nusu saa kabla ya kupakua. Ajabu ni kwamba maharagwe ndiyo yaliyokizaa chombo hiki. Irving Naxon wa Chicago alipata hataza yake mwaka 1940, na kwa miaka mingi kiliuzwa kama chungu cha maharagwe, hadi kampuni ya Rival ilipokitoa upya mwaka 1971 kwa jina la Crock-Pot.

Kwenye nyama ngumu, chombo hiki sina neno baya nacho. Muundi, shingo, kifua, mkia na kuku wa kienyeji aliyezeeka ndio saizi yake. Kano na utando mweupe huyeyuka taratibu kuanzia nyuzi 70 hivi na kuwa ute mzito kama wa supu ya miguu, na kinachohitajika ni muda, si ukali wa moto. Chukua kilo moja na nusu, kata vipande vya sentimita 4 au 5, kaanga kwenye sufuria hadi vipate rangi, kwa kuwa chungu chenyewe hakiwezi kukausha wala kuchoma. Viazi na karoti vitandikwe chini na pembeni, karibu na joto, kwani huchelewa kuiva kuliko nyama. Kikombe kimoja cha maji chatosha. Anayetia maji kama ya sufuria ya kawaida hupata supu chapwa, kwa sababu humu mvuke hauendi popote. Tazama mfuniko wa kioo baada ya saa mbili: mvuke unageuka matone, matone yanateremka hadi ukingoni na kutengeneza mkufu wa maji kati ya kioo na chungu. Mkufu huo ndio unaoziba. Kila ukifunua kuonja unauvunja, na chungu huhitaji dakika 20 hadi 30 kurudi kilipokuwa. Chakula kifike nusu ya chungu, kisizidi robo tatu. Tui la nazi na maziwa viingie nusu saa ya mwisho, la sivyo hukatika. Dhania iingie unapozima.

Nyama iliyoganda isiingie. Itakaa muda mrefu kati ya nyuzi 5 na 60, na hapo ndipo vijidudu huzaana kwa kasi. Iyeyushe kwenye friji tangu usiku. Kiporo pia hakipashwi humu. Kipashe kwenye sufuria hadi kitokote, ndipo ukihamishe kikae moto.

Sasa stima. Ikipotea ukiwa nyumbani na chakula hakijaiva, kihamishie kwenye sufuria juu ya gesi mara moja umalize kukipika. Kama kilikuwa kimeiva, mfuniko ukibaki umefungwa kina usalama wa saa mbili. Shida kubwa iko kwa aliyeondoka. Vyungu vingi vya vitufe na namba hubaki vimezima stima inaporudi, na hivyo angalau hukupa habari. Vile vya kuzungusha kirungu huwaka tena kimya kimya. Unarudi jioni unakuta chakula moto kinanukia, kumbe mchana kilikaa vuguvugu kwa muda wa saa nne. Kwa hiyo, kabla ya kutoka, weka karibu saa ya umeme ya namba, au hakikisha saa ya maikrowevu imerekebishwa. Ukirudi ukiikuta inamwekamweka na hujui stima ilikosekana kwa muda gani, mwaga chakula. Najua inauma kumwaga kilo ya nyama, lakini kuichemsha tena si dawa, kwa sababu baadhi ya vijidudu huacha sumu isiyoharibiwa na moto. Tokeni zikiisha, matokeo ni yale yale. Chungu cha wati 200 kwa saa 8 hakizidishi uniti 1.6, basi tazama salio kwenye mita kabla ya kuwasha.

Ningeomba wauzaji wabandike ukurasa mmoja wa Kiswahili ndani ya boksi wenye mambo haya mawili, maharagwe na stima. Gharama yake ni ndogo.

Wanaoletewa vyungu na jamaa walio Marekani wageuze chombo wasome chini yake kabla ya kukichomeka. Kikiandikwa 120V, umeme wetu wa volti 240 utakifanya kivute nguvu mara nne. Cha wati 200 kitajaribu kufikia wati 800, na kitaungua. Kinahitaji transfoma ya kushusha volti yenye uwezo unaozidi wati za chungu, tuseme ya wati 500 kwa chungu cha 250. Kubadilisha plagi peke yake hakusaidii kitu. Tena adapta nyingi za pini mbili huuacha waya wa ethi, ule unaokukinga usipigwe na stima, bila kazi, na chombo hiki kina ganda la chuma.

Utunzaji wake si mgumu. Chungu cha ndani ni kauri, na adui yake ni joto la ghafla. Usimimine maji baridi kikiwa moto, usikitoe kwenye friji na kukiweka papo hapo kwenye kitako kilichowaka, usikipandishe kwenye gesi. Kikipata ufa, hata mwembamba kama unywele, kitupe, kwa sababu chakula hupenya na kuozea humo, na mchuzi huvujia waya za joto. Kilichoshikana chini kiloweke kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, usikikwangue kwa waya wa chuma. Ule utando mweupe unaoachwa na maji ya kisima hutoka kwa nusu kikombe cha siki ndani ya maji ya kujaza chungu, kikiachwa saa moja kwenye moto wa juu. Kitako hakizamishwi majini kamwe. Chomoa, subiri kipoe, pangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Kikiwaka kikae sentimita 15 kutoka ukutani, na kisichangie waya wa ekstensheni na birika au pasi.

Kikikataa kupata moto, anza na soketi, kisha fyuzi ya plagi. Vikiwa vizima, mpelekee fundi mwenye mita ya kupimia ukinzani wa umeme. Kwa chungu cha wati 200, ukanda wa joto unaozunguka ndani ya kitako husoma karibu omu 288, na kwa wati 300 karibu 192. Ukanda ukiwa mzima, mara nyingi kilichokatika ni fyuzi ya joto, kijipande kidogo kwenye njia ya waya kinachokatika mara moja tu na hakirudi. Kinabadilishwa kwa kingine cha nyuzi zile zile, na hubanwa kwa klipu, maana joto la kulehemu hukiua papo hapo. Kuna mafundi wanaokiruka kwa kuunga waya mtupu. Chungu kitawaka, lakini siku kitakapopitiliza joto hakuna kitakachokizima. Mkatalie, hata akikupunguzia bei.

Na chungu cha zamani, au kilichotoka kwa fundi, kipimwe kabla ya kupikiwa. Kijaze maji ya kawaida hadi nusu, funika, weka moto wa chini kwa saa 8, kisha funua na utumbukize kipimajoto haraka. Kinapaswa kusoma kati ya nyuzi 85 na 93. Kikisoma chini ya 85, kisipikiwe nyama hadi kirekebishwe.

Fundi wa vyombo vya umeme vya nyumbani,
Nairobi